Karatasi Niliyojifanya Kuisoma

"Unajua kusoma Kiingereza?" Bwana Shauri aliniuliza.

Baraza lilikuwa limejaa. Watu wa Changamwe walikaa chini mpaka nje ya mlango, na waliokosa pa kukaa walisimama madirishani. Mke wangu alisimama ubavuni mwangu, mkono wake wa kulia kaufunga ndani ya leso, maana hakupenda watu wauone. Juu ya meza palikuwa na vitu viwili. Kimoja ni jiko letu la pampu, limepasuka tumbo. Cha pili ni karatasi yenye alama ya kidole gumba. Gumba lile lilikuwa la mke wangu, la mkono wa kushoto, kwa kuwa la kulia lilikuwa halifunguki tena.

Bwana Shauri, ndivyo tulivyomwita yule Mzungu mkuu wa wilaya, alikuwa amekwisha sema kwa kinywa chake kwamba ikiwa mwanamke huyu alitia kidole bila kuelewa, karatasi ile ni bure, na mwenye duka aliyetuuzia jiko atatoa fidia. Lilibaki swali moja tu. Nani aliyemsomea? Mimi. Haya, na mimi niliielewa?

Nilitakiwa kusema sijui. Ni neno ambalo hata mtoto aliyeanza kusema juzi analiweza.

Nikasema, "Najua, bwana."

Mke wangu aligeuza shingo akanitazama. Sikumtazama. Nilikuwa nalitazama lile jiko.

Basi hilo ndilo jambo langu. Siku ile nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na leo nina mvi, na sijapata kulisema mbele za watu. Wenye makosa nitawataja mmoja mmoja. Majina siyaandiki, maana wana watoto, na watoto hawana kosa. Lakini wenyewe watajijua. Na mimi nimo.

Kwetu ni huko juu nyuma ya Mazeras. Nilisoma misheni madarasa mawili, baba akafa, nikatoka. Kiswahili nikawa nakisoma: Injili, barua, hata tangazo la ukutani. Kiingereza nilikiona ubaoni tu, nikagundua kwamba herufi zake ni zile zile. Hapo ndipo nilipopotea. Mtu akiniletea karatasi ya Kizungu, nilikuwa naitamka vivyo hivyo ilivyo, herufi kwa herufi, kama Kiswahili, kwa haraka na kwa sauti kubwa. Watu wakisikia mlio mgeni walitikisa vichwa. "Huyu kijana ana kichwa." Halafu natunga maana. Na mara nyingi nilipatia, kwa sababu karatasi za maskini ni za namna tatu tu: kodi, kipande cha kazi, au umefukuzwa kazi. Ukimtazama mtu usoni unajua ipi anaiogopa, unamwambia ile nyingine, anafurahi.

Sikuwa natoza kitu. Walikuwa wakiniita msomaji, na hilo lilinitosha.

Vita ilipokwisha tulikuwa tunakaa Changamwe, chumba kimoja cha udongo na makuti, si mbali na reli. Mimi nilikuwa kibarua wa kubeba magunia bandarini Kilindini. Mke wangu alipika mahamri na mbaazi za nazi, akauza alfajiri kando ya njia, kwa vibarua wanaoshuka kwenda kazini. Watu walikuwa wakiujua mkono wake. Yuko mzee mmoja alikuwa hali hamri la mtu mwingine. Akipita akimkosa, anashinda na njaa. Unga alikuwa akiukanda usiku, anaufunika, na asubuhi anachoma kwa kuni, kwenye mafiga matatu.

Kuni ndizo zilizotushinda. Mashamba ya karibu yalikuwa na wenyewe, na mwanamke akienda kuokota alifukuzwa kwa mawe. Ndipo mwenye duka wa pale Changamwe alipoleta majiko ya mafuta ya taa, ya kupiga pampu. Akayapanga barazani mwa duka lake, yote yamepakwa rangi ya kijani, yanang'aa. Leo najua kwamba shaba haipakwi rangi. Siku ile niliona uzuri tu.

"Chukua, kijana," aliniambia. "Haya yamepikia askari vitani. Risasi hazikuyaua, maandazi ya mkeo yatayaua?"

Waliokuwapo wakacheka. Nami nikacheka, nikanunua.

Mke wangu hakulitaka. Alilizunguka kama mtu anayezunguka mbwa asiyemjua.

"Mimi kitu kinachonguruma sikitaki," alisema. "Moto wa kuni ukinikasirisha naumwagia maji. Huu nitaufanya nini?"

"Huu ni wa kisasa. Hauna moshi."

"Moshi haujapata kuniua."

"Basi kaombe kuni kwa wenye mawe."

Ni mimi niliyesema hivyo. Akajifunza kulipiga pampu.

Wiki ya tatu, alfajiri, karai la mafuta liko juu, nilikuwa mlangoni nakunja gunia langu la kuweka begani. Nikasikia mluzi. Haukuwa ule mngurumo wa kila siku, ulikuwa mluzi mwembamba kama wa mtu anayemwita mwenzake. Nikageuka. Tangi lilipasuka chini, palipoungwa, moto ukatoka ubavuni, karai likapinduka. Mke wangu alikuwa ameutia mkono akitaka kulizima. Nilimpiga kwa gunia mpaka gunia likashika moto, kisha nikampapasa kwa viganja. Viganja vyangu hadi leo havina mistari.

Alilala hospitali miezi miwili. Shingo ilipona na alama, taya likapona na alama, lakini mkono wa kulia ulipona ukiwa umefumba. Vidole viligandana na kiganja kama mtu aliyeshika kitu hataki kukitoa. Daktari alisema unaweza kufunguliwa kwa kupasuliwa, mara moja na mara ya pili, ila mpasuaji wa kazi ile yuko Nairobi. Nairobi ya wakati ule, kwa watu kama sisi, ilikuwa ni kama kuambiwa dawa iko mwezini.

Na mwenye duka hakukaa kimya. Alitangaza kwamba mke wangu alijaza mafuta jiko likiwaka. Mwanamke mmoja jirani, aliyekuwa akiuza vitumbua upande wa pili wa njia, aliyasema mbele yangu kisimani: "Mwenye pupa huungua, jamani. Kuzima kidogo tu kungemshinda nini?" Wenzake wakaguna kukubali. Yule mzee wa mahamri akahamia vitumbua.

Mke wangu aliyasikia yote. Akaniambia, "Sitaki utajiri. Nataka vitu viwili. Mkono wangu ufunguke nikande unga. Na yule mtu aseme mbele za watu kwamba jiko lilikuwa bovu."

Nilikwenda dukani kwanza. Mwenye duka alinijibu akipima sukari, hata hakuinua macho: "Niliuza jiko zima. Mkeo ndiye aliyeshindwa nalo."

Nilipolitazama jiko nyumbani, rangi ilikuwa imeungua ikabanduka, na chini ya rangi, kwenye shaba, palikuwa na herufi. Zilikuwa zimegongwa kwa mkono, zimepinda, moja juu moja chini. Nikazitamka.

"Inasema nini?" mke wangu akauliza.

"Jina la kiwanda."

"Jina la kiwanda linagongwa kwa msumari?"

"Wazungu wana mambo yao," nikasema.

Tukapeleka malalamiko kwa Bwana Shauri, aliyekuwa akija Changamwe kila mwezi kusikiliza kesi. Karani wake akaandika, tukaambiwa tuje baraza lijalo, na mwenye duka akapelekewa habari aje naye. Nikampeleka mke wangu kwao huko juu apumzike kwa baba yake mpaka siku ifike.

Sasa hapa msomaji wa mbali anahitaji kuelezwa kitu. Kwetu, shauri haliendi mikono mitupu. Mtu akimkosea mwenzake, akitaka kusema naye, hutanguliza kadzama, ndicho kibuyu cha tembo la mnazi. Kadzama halimalizi shauri, linalifungua. Asiye na kosa haleti. Akileta, amekwisha kubali kwamba liko lililotendeka, na baada ya kunywa ndipo mnakaa mkasemezana fidia. Hilo kwetu hata mlevi analijua.

Siku tatu kabla ya baraza, nami nimekwenda kumchukua mke wangu, karani wa yule mwenye duka akatokea kwa baba mkwe wangu. Kijana wa kwetu huyu, lugha yetu, kaya yetu ya mababu, kavaa suruali ndefu na kalamu mfukoni. Alikuja na kibuyu begani, na nyuma yake mpagazi mwenye gunia la unga, sukari na doti ya kanga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Na hicho begani?"

"Ni kitu cha kwetu, baba."

Akakiweka chini taratibu kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Baba mkwe alikitazama kibuyu, akamtazama yeye.

"Aliyekutuma anajua maana ya hiki?"

"Mimi najua, baba. Ndiyo maana nimetumwa mimi."

Nimelirudia neno lile kichwani miaka hii yote. Ndiyo maana nimetumwa mimi. Lilikuwa kweli tupu, na hakuna aliyelisikia vizuri.

Baba mkwe alifurahi mpaka akasimama. Mkewe akamkumbusha kwamba yeye ni mtu wa kanisa. "Nilibatizwa kwa maji, sikatai," akajibu, "lakini shauri halifunguliwi kwa maji." Tukanywa. Mke wangu naye akaonja kwa adabu, na ile ilikuwa mara ya kwanza tangu aungue kumwona akicheka. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Amekubali, mwenzangu. Amekubali."

Kibuyu kilipokwisha, karani akatoa karatasi, iliyopigwa taipu, na kidau cha wino.

"Ni ya kuonyesha kwamba vitu vimefika," alisema. "Isije ikasemwa nimevila njiani."

"Sisi tunaye msomaji wetu," baba mkwe akasema kwa maringo. "Haya mkwe, soma. Au moshi wa jiko umekuingia machoni?"

Wakacheka. Nikaipokea. Ilikuwa ya Kiingereza, ndefu kuliko unga na sukari. Mtu anayeandika kwamba gunia limefika hahitaji mistari yote ile. Ningeweza kusema tungoje, tutafute mwalimu wa misheni, hakuwa mbali. Lakini mkwe wangu kanisifu mbele ya mgeni, na mgeni ana kalamu mfukoni. Nikasimama nikaisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, mpaka mwisho.

Karani alinitazama nikisoma. Yeye Kiingereza alikijua. Aliyasikia matamshi yangu, na kabla sijafika mstari wa pili alijua mimi ni mtu wa namna gani. Niliuona uso wake ukijua. Kisha akatabasamu, akainamisha macho.

"Shemeji," akasema, "unasoma kuliko mimi."

"Inasemaje?" baba mkwe akauliza.

Nikasema inasema mwenye duka anatoa pole, anakubali kosa, na mengine yatazungumzwa barazani.

Mke wangu akauliza, "Neno la jiko bovu limo?"

"Limo," nikasema.

Akatia gumba lake kwenye wino.

Siku ya baraza tuliingia kama washindi. Baba mkwe alivaa kanzu. Bwana Shauri aliligeuza jiko juu chini, akazisoma zile herufi, akazisoma tena. Akamwuliza mwenye duka kalitoa wapi. Kwa wakala, bwana. Na wakala? Mnada wa vitu vya jeshi, bwana. Ndipo akatuambia kwa Kiswahili, polepole, ili wote tusikie: neno lililogongwa pale lina maana kwamba jiko limekataliwa. Jeshi lilikwisha litoa likavunjwe. Halikuwa la kupikia wala la kuuzwa, na mtu alilipaka rangi juu ya neno lile.

Baraza zima likavuta pumzi. Mwenye duka akajipangusa shingo. Mke wangu aliuinua mkono wake uliofungwa akauweka kifuani. Ilibaki kidogo sana.

Hapo karani wa mwenye duka akasimama na karatasi.

Bwana Shauri akaisoma kimya, kisha akatutafsiria. Kwamba mimi, mwenye gumba hili, nimepokea unga, sukari na kanga. Kwamba nimeridhika, wala sitadai tena, mimi wala wangu. Kwamba moto ulitokana na uzembe wangu mwenyewe, nilijaza mafuta jiko likiwaka.

Baba mkwe aliruka kutoka mkekani. "Bwana! Alileta kadzama! Asiye na kosa haleti kadzama! Mwulize huyo, ni mtoto wa kwetu, anajua!"

"Kadzama ni nini?" Bwana Shauri akauliza.

"Ni tembo, bwana," karani akajibu. "Ulikuwa urafiki tu."

"Tembo si ushahidi," Bwana Shauri akasema, na wako waliocheka.

Kisha ndipo alipoeleza lile la kidole kisichoelewa, akanigeukia mimi na swali lake.

Mtu atauliza kwa nini mwanamume akatae kumwokoa mkewe kwa neno dogo. Nitasema. Mbele yangu walikaa watu niliowasomea karatasi zao miaka mitatu. Nikisema sijui, kila mmoja angerudi nyumbani akatoe karatasi yake chini ya godoro, aiangalie upya. Mmoja nilimsomea barua ya jeshi kuhusu nduguye, yenye muhuri, nikamwambia inasema ndugu yako hajambo, anakusalimu. Alikuwa amekaa mstari wa mbele. Alinitikisia kichwa kunipa moyo. Na karani alisimama pembeni akiningoja, ameweka mikono nyuma, hana haraka, kwa sababu yeye alijua nitajibu nini kabla mimi sijajua.

"Najua, bwana."

"Basi ulielewa, na mkeo ulimweleza. Shauri limekwisha."

Njiani kurudi, mke wangu hakulia. Tulipofika penye reli akasimama.

"Neno la jiko bovu lilikuwa mstari gani?"

"Wameibadilisha karatasi," nikasema. "Si ile niliyoisoma."

Akaniamini. Miaka yote hii amewaambia watu, kanisani, kisimani, msibani, kwamba mume wake alisoma sawa na wakubwa wakabadilisha karatasi. Alinitetea kwa uongo wangu mwenyewe. Mahamri hakukanda tena. Alimenya muhogo wa kuchemsha kwa mkono wa kushoto, kisu kakibana, na ule wa kulia ukishikilia muhogo kama jiwe linavyoshikilia mlango.

Mwaka huu binti yetu wa mwisho ameanza Kiingereza shuleni. Jioni moja alikuwa anasoma kitabu chake kwa sauti, na mama yake anamenya muhogo akisikiliza. Masikio ya mke wangu hayajaungua. Akasimamisha kisu.

"Mbona yeye anasoma tofauti na wewe?"

Nilitaka kusema wamebadilisha Kiingereza. Mungu shahidi, neno lilifika ulimini. Lakini nilichoka. Nikamwambia yote, na mtoto yupo anasikia.

Mke wangu akachukua muhogo mwingine.

"Mimi umekwisha niambia," alisema. "Na waliokuwa barazani je?"

Hajasema nami zaidi ya la lazima tangu siku hiyo, nami simdai. Lakini nimeandika, maana waliokuwa barazani wametawanyika, wengine wamekufa, na sina njia nyingine ya kuwapata.

Kwa hiyo wewe mwenye duka, ambaye duka lako leo lina milango minne: uliliona lile neno kwenye shaba kabla halijafunikwa. Aliyefanya kazi ya kupaka rangi aliitwa na nani? Na yale majiko mengine, yaliyopangwa pamoja na letu barazani mwa duka lako, yaliingia nyumba za nani?

Wewe wakala wa mnadani: ulinunua vya kuvunjwa ukauza vya kupikia. Ulidhani tutavifanya nini, mapambo ya nyumba?

Na wewe karani, mtoto wa kwetu. Wewe ndiye ninayekuota. Ulijua kadzama na ulijua Kiingereza. Katika watu wote wa shauri lile ni wewe peke yako uliyejua vyote viwili. Ulinisikia nikitamka upuuzi, na mwanamke mwenye mkono uliofumba yuko pale anauliza kama neno lake limo. Neno moja lako lingetosha. Ulitabasamu kwa nini?

Mke wangu yuko hai. Mkono wake bado umefumba. Tangu alfajiri ile hajasikia kwa kinywa cha mtu yeyote kati yenu kwamba jiko lilikuwa bovu. Anakaa Changamwe ile ile, mnapajua. Njooni mchana, mbele ya majirani, mseme.

Mimi langu nimelitanguliza. Sijui Kiingereza. Sikukijua siku ile. Haya, semeni lenu.